Yoti ikishikwa na dhoruba: dalili, sababu na la kufanya

Mabaharia wengi wa Nairobi hujifunza tanga Naivasha, ziwa lisilo na bamvua wala mkondo, kisha siku moja wanapewa nafasi kwenye yoti ya mashindano ya bahari kuu. Kazi ya kamba na tanga ni ile ile. Tofauti ni kwamba ziwani hitilafu hukukuta ukiona ufuko, na baharini hukukuta usiku wa pili, nguo zimelowa na nusu ya wenzako wanatapika.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Angalia kinachotokea, anza na sababu iliyotajwa kwanza kwa kuwa ndiyo ya kawaida zaidi, na usiruke hatua. Dalili za mapema zimepewa nafasi kubwa kuliko maafa yenyewe, maana mlingoti ukishavunjika mengi ya kufanya yamekwisha kupita.

Shika hesabu moja kichwani: msukumo wa upepo kwenye tanga hukua kwa mraba wa kasi. Upepo ukipanda kutoka noti 20 hadi 28 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), mzigo umekuwa maradufu. Ukifika 40, ni mara nne. Nguvu ya 8 kwenye kipimo cha Beaufort huanza noti 34, yaani kama kilomita 63 kwa saa. Nguvu ya 10 huanza 48.

Barometa inasoma mambo yasiyoeleweka

Ukifungua barometa ya sindano Nairobi, sindano italala chini kabisa ya kipimo na utadhani imeharibika. Ni nzima. Jiji liko mita 1,600 na ushee hadi 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo halisi wa hewa huku huwa karibu hektopaskali 820 hadi 840. Barometa nyingi za yoti hazisomi chini ya 950 au 960. Usiiguse skrubu ya nyuma ukiwa huku juu. Ishushe hadi Mombasa kwenye mkoba wa mkononi, iache itulie saa kadhaa, kisha ilinganishe na usomaji wa usawa wa bahari wa kituo cha Mombasa kutoka Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, wale wa Dagoretti Corner. Programu ya simu inayosahihisha mgandamizo kwa mwinuko nayo iweke sifuri ukifika pwani, la sivyo itaendelea kukuongezea hektopaskali ambazo hazipo.

Tatizo la pili: sindano inashuka kila alasiri na watu wanaanza kuogopa. Karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Kilele huwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini kabisa huwa kama saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti ya hektopaskali 3 kati ya kilele na chini ni jambo la kila siku. Kwa hiyo linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana, usilinganishe na saa nne ya leo. Ukikuta upungufu wa 3 kwa saa ile ile, anza kufunga vitu na kupika chakula cha chupa ya chai. Ukikuta 5, tufani iko jirani na mjadala wa kama ipo au haipo ufungwe.

Pwani ya Kenya iko karibu mno na ikweta kwa vimbunga kuwa jambo la kawaida, lakini Hidaya kilifika Mafia, Tanzania, Mei 2024, na mashindano ya kuelekea Mauritius au kusini zaidi hupita kwenye njia yao, hasa Novemba hadi Aprili. Katika kizio cha kusini, ukiutazama upepo usoni, kitovu kiko kushoto kwako, nyuma kidogo ya bega. Upepo ukigeuka kinyume cha saa, uko upande wa hatari: bisha, yaani nenda dhidi ya upepo kwa mshazari, ukiwa na upepo kwenye shavu la kushoto la omo (mbele ya yoti). Ukigeuka kwa mwelekeo wa saa, uko upande wenye nafuu: kimbia ukiuweka nyuma kushoto.

Yoti inalala na usukani unavuta kuelekea upepo

Hii ndiyo dalili ya kwanza yenye maana, na hupuuzwa kwa sababu yoti bado inakwenda kasi. Mshika usukani aliyekuwa akiongoza kwa vidole viwili sasa anavuta kana (mpini wa usukani) kwa mikono yote. Kama ni gurudumu, funga uzi mwekundu mahali linapokuwa juu usukani ukiwa umenyooka, ili usiku mtu ahisi kwa kiganja amezidisha kiasi gani. Usukani unaokaa zaidi ya digrii 5 muda wote ni breki. Ukikaribia 20, maji huachana na bapa lake, na yoti hugeukia upepo yenyewe hata ukining'inia kwenye kana.

Sababu ya kwanza: tanga kuu lina tumbo. Shusha troli ya demani (kamba ya kuongozea tanga) chini ya upepo, kaza waya wa nyuma wa mlingoti, kaza henza (kamba ya kupandishia tanga), vuta kona ya nyuma ya tanga hadi liwe bapa. Hayo yanakununulia robo saa. Yoti ikiendelea kulala zaidi ya digrii 25 hata upepo unapopumua kati ya vishindo, punguza tanga kuu daraja moja, yaani likunje sehemu ya chini.

Sababu ya pili ni uwiano. Umekunja tanga la omo sana huku tanga kuu likiwa zima, kwa hiyo nguvu yote iko nyuma. Tanga kuu ndilo hupunguzwa kwanza kwenye yoti nyingi za kisasa.

Sababu ya tatu wengi hawaikumbuki: maji kwenye ngama (chini kabisa ndani ya yoti). Yoti inayolala kisha ikakawia kuinuka, kama mtu aliyebeba mtungi usiojaa, huenda imebeba maji yanayokimbilia upande wa chini kila ikiyumba. Inua mbao za sakafu kabla ya kulaumu tanga.

Kuna mtego kwa wanaokwenda na upepo nyuma. Upepo halisi ni noti 25, yoti inakwenda 9, kwa hiyo unahisi 16 tu. Mtu yuko kifua wazi, kila mtu anafurahia. Kisha kitu kinatokea na lazima mgeukie upepo, mkibisha kwa noti 6. Sasa unahisi kama 30. Mzigo kwenye matanga umekaribia mara nne ndani ya nusu dakika. Ndiyo maana uamuzi wa kupunguza tanga ukiwa umeupa upepo mgongo hufanywa kwa kusoma upepo halisi kwenye chombo, kamwe si kwa ngozi.

Tanga kuu linakataa kushuka

Mara nyingi tanga limebanwa na upepo dhidi ya waya na mikono ya mlingoti. Usipande juu na usivute kwa hasira. Geuza omo hadi upepo uje kwa digrii 50 au 60, legeza demani kabisa hadi tanga lipepee, legeza kamba inayovuta bumu chini (bumu ni ule mti wa chini wa tanga kuu), kisha ndipo ushushe henza. Mpangilio huu ukiuvuruga, hasa ukisahau kamba ya chini ya bumu, tanga litakaa pale pale.

Ikiwa bado limekwama, mtu mmoja aangalie vitelezi kwa tochi. Kilichovunjika au kilichopinda kwenye reli hukwamisha vyote vilivyo juu yake. Kamba nyembamba iliyofungwa kwenye ubao wa juu wa tanga na kushuka hadi sitahani inakuwezesha kulivuta chini kutoka mahali pa usalama. Inagharimu kidogo na ifungwe kabla ya safari.

Likishuka lakini likachanika kwenye tundu dogo la katikati: zile kamba ndogo za kufungia kitambaa kilichokunjwa zimebeba mzigo ambao ulipaswa kubebwa na kamba kuu ya kona ya nyuma. Kaza kona ya nyuma kwanza kwa winchi, funga zile ndogo mwisho, na zifunge legelege kuzunguka kitambaa peke yake, bila kuzungushia bumu.

Kuhusu henza: tia alama ya uzi kwa kila daraja, ili anayelegeza gizani ajue pa kusimama. Na kila zamu mpya ilegeze au ivute sentimita 10 hivi, kusudi sehemu ile ile isisuguliwe na kapi usiku kucha. Mahali kamba inapopita kwenye ukingo, ivishe kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Mita 2 zinatosha yoti nzima.

Tanga la omo limefunguka lenyewe

Ile kamba ya kulikunjia imekatika au imeteleza. Tanga zima liko wazi kwenye noti 40, linapiga, na mlingoti unatetemeka hadi vikombe vinasikika kabatini. Upe upepo mgongo ili tanga hilo lijifiche nyuma ya tanga kuu, halafu lishushe sitahani au, kama halishuki, lizungushie henza ya spinaka (tanga kubwa jepesi la kwenda na upepo) mara kadhaa pamoja na waya wa mbele. Kinga yake: ukilikunja lote, endelea kuzungusha hadi demani zizunguke mara 3, kisha lifunge kwa mkanda. Tanga lililokunjwa nusu na kutumika kama tanga dogo huwa gunia, na kamba inayolishikilia hubeba kazi ambayo haikutengenezewa.

Matanga ya dhoruba hayaenei, au hakuna ajuaye yanafungwaje

Sababu ni moja: yalitolewa kwenye mfuko kwa mara ya kwanza upepo ukiwa tayari noti 45. Kanuni maalumu za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa matanga, kwa mashindano ya bahari kuu zinaweka kikomo. Tanga la omo la dhoruba lisizidi asilimia 5 ya mraba wa urefu wa pembetatu ya mbele (nafasi kati ya mlingoti, sitaha na waya wa mbele). Kwa pembetatu ya mita 15, hiyo ni mita za mraba 11.25. Tanga kuu la dhoruba lisizidi asilimia 17.5 ya kimo cha tanga kuu mara upana wake wa chini; kwa mita 14 kwa 4.5 unapata kama mita za mraba 11. Rangi iwe kali, ya machungwa, waridi au njano, ionekane na helikopta.

Vipimo hivyo unaweza kuvithibitisha kwenye kiwanja chochote Nairobi kwa utepe wa fundi. Tandaza tanga chini, andika kwa wino usiofutika kwenye kila kona inakokwenda, na ufunge demani zake moja kwa moja zikae humo mfukoni. Kisha nendeni Naivasha mchana, upepo wa alasiri unapoamka, mlipandishe mara kadhaa, na mara ya mwisho kwa glavu zilizolowa.

Mawimbi ni makali kuliko upepo unavyostahili

Upepo ni noti 22 tu lakini bahari imesimama wima na yoti inaruka na kupiga tumbo. Tafuta mkondo. Upepo ukipingana na mkondo, mawimbi hufupika na kusimama. Pwani yetu, wakati wa kusi mkondo na upepo vyote huelekea kaskazini, kwa hiyo bahari ni kubwa ila ndefu. Wakati wa kaskazi, mkondo wa pwani ya kusini mwa Kenya bado huelekea kaskazini huku upepo ukishuka kusini, na hapo ndipo bahari fupi ya kuchosha hupatikana. Kusini zaidi, mkondo wa Agulhas pwani ya Afrika Kusini unaweza kufika noti 4 hadi 5 kuelekea kusini magharibi. Upepo wa kusini magharibi ukianza kuvuma dhidi yake, ingia ndani ya mstari wa kina cha mita 200 kabla bahari haijasimama. Kungoja uone kama itakuwa mbaya ni kuchelewa.

Yoti ikipiga tumbo ukiwa unabisha, igeuze mbali na upepo digrii 5 hadi 10 zaidi, punguza kasi hadi noti 5 au 6, na panda wimbi ukielekea upepo kidogo, kisha juu ya kilele geuza ushuke nalo kwa mshazari. Kupiga tumbo kwa saa nyingi hulegeza boliti za mkuku (uti mzito wa chini ya yoti) na kuvunja mbao za ndani za omo. Pita na tochi kila zamu. Nyufa nyeupe kwenye rangi ya ndani ndizo unazotafuta.

Hatari halisi ni wimbi linalovunjika likikukuta ubavuni. Majaribio ya vielelezo yaliyofanywa baada ya mashindano ya yoti ya Fastnet ya 1979 yalionyesha kwamba wimbi la kuvunjika lenye kimo cha asilimia 30 ya urefu wa yoti laweza kuipindua, na la asilimia 60 huzipindua karibu zote. Kwa yoti ya mita 12, hiyo ni mita 3.6 na 7.2. Mita 3.6 si nyingi. Kwa hiyo usilale ubavu wazi mahali mawimbi yanavunjika, iwe ni kwa kupumzika, kutengeneza kitu au kusubiri mapambazuko.

Yoti inakimbia mno na inataka kugeuka

Upepo uko nyuma, inateleza kwenye mawimbi kwa noti 14, usukani unakuwa mwepesi ghafla kisha mzito, na omo inachomoza kuelekea upepo. Umebeba tanga kubwa mno, au spinaka imekazwa mno. Agizo ni moja: legeza. Kwanza kamba ya chini ya bumu, kisha demani. Spinaka ishushwe kabla ya mshika usukani kuomba, kwani yeye huwa wa mwisho kukiri.

Kama yoti inayumba kulia na kushoto na bumu linataka kuvuka, funga kamba ya kuzuia kutoka ncha ya bumu, ipite mbele kwenye kapi la omo, irudi hadi winchi nyuma. Isifungwe katikati ya bumu; bumu likichovya majini, hukatika hapo hapo. Tanga dogo la dhoruba lililokazwa katikati ya omo husaidia kuizuia omo isigeuke. Wanaoshika usukani wabadilishane kila nusu saa, kwani makosa mengi hutokea mikono ikichoka.

Ikibaki haishikiki, tupa nyuma breki ya maji, yaani koni ya kitambaa inayoburutwa kwa kamba. Ya koni moja ifungwe kwa kamba pacha zinazotoka pande zote mbili za tezi (nyuma ya yoti), kamba kuu mita 70 hadi 100. Ikiruka nje ya uso wa wimbi, kamba ni fupi. Ongeza hadi koni ikae kwenye mgongo wa wimbi jingine lililo nyuma. Ile ya koni nyingi ndogo, mara nyingi zaidi ya 100 zenye kipenyo cha kama sentimita 13, zikiwa na mnyororo mwishoni, hairuki na haihitaji kurekebishwa, ila kuivuta ndani baadaye ni kazi ya saa nzima. Breki nyuma maana yake mawimbi yatapanda tezi. Mbao za mlango wa kushukia chini ziwe mahali pake, zimefungwa kwa kamba, na ziweze kufunguliwa kutoka ndani na nje.

Maji yanaongezeka ndani

Yaonje. Yakiwa matamu, tangi la maji ya kunywa limepasuka na unaweza kupumua. Yakiwa ya chumvi, mmoja apige pampu, wengine watafute chanzo kwa mpangilio: kifuniko cha sitaha kisichofungwa, kisha tundu la mnyororo wa nanga, choo, mipira ya vali za chini, shimo la mhimili wa usukani, shimo la mhimili wa propela, na mwisho boliti za mkuku.

Uzito wa jambo uko hapa: tundu la sentimita 5 lililo sentimita 60 chini ya uso wa maji huingiza kama lita 240 kwa dakika. Hakuna mkono wa binadamu unaopampu hivyo kwa muda. Ndiyo sababu kila vali ya chini inafungiwa kizibo chake cha mbao laini kwa kamba, kando yake kabisa. Ndoo mbili imara za lita 9, ambazo kanuni zinazidai, zikiwa kwenye mikono ya watu walioogopa hutoa maji mengi kuliko unavyodhani. Pampu ikikohoa bila kutoa kitu, safisha chujio lake kwanza: lebo za makopo na vipande vya karatasi huishia humo.

Usukani hauitiki

Gurudumu likizunguka bila uzito, waya umetoka kwenye kapi au umekatika: toa kana ya dharura na uifunge kwenye kichwa cha mhimili. Ijaribu bandarini, kwani kwenye yoti nyingi kana hiyo hugonga gurudumu lenyewe na haizunguki hadi mwisho. Gurudumu likiwa na uzito wake wa kawaida lakini yoti haigeuki, bapa limevunjika. Punguza matanga hadi madogo sana, tupa breki ndogo nyuma kwa kamba pacha zilizopitishwa kwenye winchi za katikati, na uvute upande unaotaka kwenda. Utapata noti 3 au 4 na mwelekeo wa kuridhisha.

Mlingoti umeanguka

Angalia watu, kisha angalia kama kipande kilichoanguka kinagonga ubavu. Kikigonga, kikate. Kung'oa pini za viungo vya waya kwa nyundo na koleo ni haraka kuliko kukata waya, kwa hiyo usizifunge pini kwa utepe mwingi kiasi kwamba zinahitaji kisu dakika 10. Makasi ya chuma ya bei ya chini kutoka Barabara ya Kirinyaga hukata nondo laini. Kwenye waya wa milimita 10 wa chuma kisichoshika kutu hupinda meno. Yajaribu kwa kipande cha waya ule ule, dukani, kabla hujalipa. Waya wa mbele ubaki wa mwisho, ili mabaki yaishikilie omo dhidi ya mawimbi kwa muda.

Usiwashe injini mpaka kamba zote zihesabiwe na zitoke majini. Yoti isiyo na mlingoti huyumba kwa kasi zaidi na ni rahisi kupinduliwa kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo kila mtu abaki amefungwa. Antena ya redio ya VHF imeondoka na mlingoti; funga ile ya akiba kwenye reli ya tezi.

Mtu ameanguka baharini

Kwa noti 8, kila dakika ni mita 247. Mmoja anyooshe mkono kumwelekea na asifanye kazi nyingine. Bonyeza alama ya mahali kwenye GPS, tupa boya na taa, simamisha yoti papo hapo kwa kuigeuzia upepo, spinaka au hakuna spinaka. Kanuni za mashindano zinaruhusu injini kwa kuokoa mtu, na muda uliotumia kuwasaidia walio hatarini unaweza kuombewa fidia.

Lililo gumu ni kumpandisha. Mfunge kwa henza na makapi yenye nguvu ya 4 kwa 1, na ikiwezekana mnyanyue akiwa amelala badala ya wima. Fanyeni zoezi hili Naivasha kwa kutumia fenda (boya la kukinga ubavu) lenye mzigo. Msimtupe mtu, ziwa lina viboko.

Kamba ya kujifungia isizidi mita 2, na walau asilimia 30 ya mabaharia wawe na fupi ya mita 1 au yenye kiungo katikati. Ile ndefu hukuacha ukiburutwa nje ya reli, na wengi hufia hapo hapo wakiwa bado wamefungwa. Mikanda ya sitahani ipite katikati ya yoti badala ya ukingoni.

Jaketi la kujijaza likikataa kujaa, mara nyingi ni mtungi wa gesi. Hili ni la kukagua nyumbani. Fungua jaketi mezani, zungusha mtungi utoke, uuweke kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Uzito wa jumla umechongwa kwenye chuma chenyewe. Usitofautiane kwa zaidi ya gramu 2. Tazama shingo: ikiwa na tundu, umetumika. Kisha jaza jaketi kwa mdomo, liache usiku kucha. Asubuhi likiwa limenywea, lina tundu. Mikanda ya mapajani ifungwe, la sivyo jaketi litaelea na mwenyewe atazama ndani yake.

Mabaharia hawafanyi kazi

Anayetapika, asiyejibu, anayejikunyata na kukataa kushuka chini: ni kichefuchefu kilichochanganyika na kukosa maji mwilini. Dawa huanza usiku wa kuamkia safari. Kidonge kinachomezwa baada ya kutapika hutoka nacho. Kiraka cha nyuma ya sikio huwekwa saa kadhaa kabla, nacho hudumu siku 3. Nunua mapema kwa mfamasia na ujaribu nyumbani kujua kama kinakusinzisha. Baharini mpe maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini, vijiko viwili vitatu kila dakika chache. Mpe usukani pia. Wengi hupata nafuu wakitazama upeo wa macho.

Baridi nayo ipo hata kwenye bahari ya ikweta. Mtu aliyelowa, upepo noti 30, saa nane usiku, hutetemeka na kuamua vibaya. Lile sweta la Julai la Nairobi libebwe.

Ufuko uko chini ya upepo

Wakati wa kusi, pwani yote ya Kenya iko chini ya upepo. Yoti iliyosimamishwa hupeperushwa noti 1 hadi 2. Kwa saa 12 umepoteza hadi maili 24. Pima nafasi hiyo kwenye ramani kabla ya kuamua kusubiri. Ikiwa haitoshi, bisha kuelekea nje ukiwa bado na nguvu.

Milango ya mwamba kama ya Mtwapa na Kilifi isiingiwe usiku wala wakati wa maji kupwa bahari ikiwa imechafuka. Maji yanayotoka hukutana na mawimbi na kuyavunja mlangoni kabisa. Ngoja maji yakijaa, jua likiwa juu nyuma yako. Kama huwezi kungoja, mkondo wa meli wa kuingia Kilindini una kina na maboya yenye taa. Pita huko na uijulishe bandari.

Kuacha yoti

Katika Fastnet ya 1979 mashindano yalianza na yoti 303, mabaharia 15 wa mashindano wakafa. Yoti 24 ziliachwa na watu wake. 19 kati yake zilikutwa baadaye zikielea. Miaka 19 baadaye, mashindano ya Sydney–Hobart ya Australia ya 1998 yalianza na yoti 115, zikamaliza 44, watu 6 wakafa na yoti 5 zikazama. Kwa hiyo boti la mpira la kuokolea hutumika yoti inapozama kweli au inapowaka. Kupinduka na kuinuka, kupoteza mlingoti, maji hadi magotini, hakuna kinachotosha peke yake.

Wito wa Mayday utolewe chaneli 16 ya VHF, na EPIRB (kifaa cha dharura kinachotuma ishara kwa setilaiti) ya masafa ya megahezi 406 iwashwe kwa mkono, isimame wima mahali inapoona anga. Ile ya zamani ya 121.5 pekee haisikilizwi tena na setilaiti tangu Februari 2009. Ukiikuta kwenye yoti ya kukodi, usiihesabu. Kwa maji yetu, uratibu uko kwenye kituo cha uokoaji cha Mombasa. Jambo la kwanza kituo hufanya ni kupiga simu iliyoandikwa kwenye usajili wa kifaa, kwa hiyo weka namba ya mtu wa Nairobi anayeshika simu saa tisa usiku na anayejua mko wangapi na mlitoka lini. Kagua tarehe ya betri na ya kifungulio chake cha maji; zimechapwa kwenye kasha na hazifanani. Na EPIRB ikiwashwa kwa bahati mbaya, izime, kisha upige simu mara moja kusema hivyo, maana tayari kuna mtu ameanza kuandaa boti ya kuwatafuta.